Alama ya Kidevu

Itangazwe kwa wote wenye masikio, na walio mbali wapelekewe habari: siku ya Jumatatu, kati ya saa sita na nusu na saa saba na robo mchana, ulitendeka uhalifu uliotikisa nguzo za dola, ukamng'oa Inspekta kwenye kiti chake cha kuzunguka, na kulifanya gari la kituo liwake bila kusukumwa.

Liliibwa daftari.

Lilikuwa daftari la shule, kurasa tisini na sita, lenye picha ya paka kwenye jalada. Paka mwenyewe alikuwa amechapwa vibaya, jicho moja limeteremka hadi shavuni.

"Wenzangu wanapewa mauaji," alisema Inspekta garini. "Mimi napewa paka."

"Mauaji yatakuja, afande," alisema Koplo akibadilisha gia. "Vuta subira."

Koplo alikuwa mwanamke aliyesikia kila kitu na kurudia kidogo sana, jambo ambalo Inspekta alilihesabu kuwa heshima. Alikosea, lakini tusimwahi.

Subira Inspekta hakuwa nayo. Miezi mitano nyuma basi lilikuwa limetumbukia mtoni, na mdogo wake wa tumbo moja, naye askari, alizama mara kumi na moja kutoa watu. Akapewa nishani. Kisha akaacha kulala. Sasa mama yao alikuwa amehamia kwa huyo mdogo, anamshika mkono akishtuka, na kila jioni anampigia Inspekta simu kumweleza mgonjwa kalala saa ngapi na kaamka mara ngapi. Inspekta, kwa jinsi alivyojulikana kituoni, alikuwa amelala vizuri maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumpigia mtu simu kuhusu hilo.

Kiwanda cha kufulia kilikuwa jengo la ghorofa moja lililotoa jasho kuanzia mlangoni. Chini zilinguruma mashine za kufua mashuka ya hospitali na hoteli. Katikati zilipangwa meza ndefu za kukunjia, na wanawake wamesimama wawili wawili, shuka katikati yao, wakikutana na kuachana kama wachezaji wa dansi waliochoshwa na muziki. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa saruji mpya, bado haujapakwa rangi. Hapo ndipo boila lilipopasukia, miezi minne iliyopita. Fundi wake alikufa palepale. Wanawake watatu waliungua.

Inspekta alipiga chafya nne mfululizo.

"Sabuni hiyo, afande," alisema mama mmoja mnene aliyeitwa na wote Mama Povu. "Mwaka wa kwanza unapiga chafya, wa pili unazoea, wa tatu hunusi hata chakula."

"Unajua lolote kuhusu daftari?"

"Najua sina. Mimi sikubahatika kuungua." Mwenzake upande wa pili wa shuka alicheka puani. "Usinitazame hivyo, afande. Wale watatu, Jumatatu na Alhamisi wanapanda juu, viti vya mito, chai na biskuti, wanaulizwa wanajisikiaje. Mimi nina miaka kumi na sita hapa na aliyewahi kuniuliza najisikiaje ni fundi viatu. Nimewaambia wakubwa, boila likipasuka tena mniite mapema."

Inspekta aliandika: *Wivu. Kiwanda kizima.* Kisha, bila kujua kwa nini, akaikunja kona ya ukurasa ule.

Chumba cha juu zamani kilikuwa stoo ya foronya. Sasa kilikuwa na viti vitano, dirisha moja, kabati la chuma, na mshauri nasaha, mwanamke mwembamba aliyeongea kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili.

"Madaftari yako matatu," alisema. "Moja la kila aliyekuwemo. Wanaandika kinachowajia: ndoto, hasira, chochote. Siyasomi mpaka mwenyewe aniruhusu."

"Lililoibwa ni la nani?"

"La Kitinda. Ndiye mdogo wao wote. Aliungua mikono yote miwili, afande. Mstari mmoja unamchukua robo saa. Na tangu siku ile hasemi na mtu zaidi ya ndiyo na hapana. Maneno yake yote yamo mle."

"Ataandika lingine."

Mshauri alitikisa kichwa. "Alipofika saa nane nilimwambia halipo. Akavaa glavu zake taratibu, akasema, 'Basi.' Akarudi nyumbani, amejifungia. Nimeshawahi kumsikia mtu mwingine akisema basi kwa sauti ile. Yule sikumwahi. Huyu nataka kumwahi."

Inspekta aliacha kuandika. Kwa mara ya kwanza siku ile paka yule alianza kuwa na uzito.

Kufuli la kabati lilikuwa limebanduliwa kwa kitu bapa. Madaftari mengine mawili yalikuwapo, hayajaguswa. Mtaalamu wa alama za vidole alinyunyiza unga wake, akavuta mdomo.

"Vidole vimepita, lakini havisomeki. Hawa wafuaji, sabuni na joto vimewasugua ncha mpaka zimekuwa laini."

"Kwa hiyo ni mfuaji."

"Au mtu mwenye sabuni nyingi sana nyumbani."

Juu ya kiti kilicho karibu na kabati lilikaa shuka jeupe kubwa, limekunjwa pembe kwa pembe.

"Na hili?"

"Ndilo lililokuwa limefunika kabati," alisema Mshauri. "Chuma kile kinatisha, nakificha."

"Umelikunja wewe?"

"Hapana. Nimelikuta hivyo."

Inspekta aliandika: *Mwizi nadhifu.* Aliupenda usemi huo, akaupigia mstari. Koplo yeye hakuandika kitu. Alilichukua lile shuka, akalitia kwenye mfuko wa vielelezo kwa uangalifu, kama anayebeba keki.

Meneja alihojiwa ofisini kwake, chini ya feni iliyozunguka kwa kulazimishwa.

"Saa sita na nusu ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nakula."

"Na nani?"

"Na chakula."

"Boila lilipasuka chini ya usimamizi wako. Huenda binti ameandika jambo usilopenda lisomwe."

"Afande, fundi aliandika ripoti tatu kwamba valvu imechoka. Zote ziko kwa mwanasheria wa marehemu, nakala tatu tatu. Kama ningekuwa mwizi ningeanza na hizo." Alijifuta jasho. "Nimeshaharibika. Daftari la mtoto linaniongezea nini?"

Lilikuwa jibu baya kwa meneja na zuri kwa mtuhumiwa. Inspekta alimwacha na feni yake.

"Orodha ya wanaopanda juu aliitunga nani?" aliuliza Koplo kutoka mlangoni.

"Mimi. Waliokuwemo ndani, basi. Kila mtu alitaka kuingia. Ningewaweka wote nani angekunja?"

Jioni ile, kituoni, simu ya Inspekta iliita.

"Baba, umeshindaje?" Ni mama yake. "Mdogo wako leo kalala saa mbili nzima. Saa mbili! Nimekaa naye mpaka mguu umekufa ganzi."

"Vizuri, mama." Akashusha sauti. "Mimi ile ndoto imerudi."

"Ile ya maji?"

"Hiyohiyo. Ila jana maji yalikuwa meusi."

Mama yake alivuta pumzi ya huruma, ndefu, na Inspekta akaegemea kiti akiipokea kama mtu anayeota jua. Ndoto yenyewe, kwa kusema kweli, ilikuwa bado inatungwa. Wiki iliyotangulia maji yalikuwa ya kawaida tu.

Koplo, mezani kwake, aligeuza karatasi.

Asubuhi ya Jumanne Koplo alimwomba Inspekta watoke uani, akampa ncha mbili za shuka lingine, la ukubwa sawa na lile la kielelezo.

"Shika. Tukunje."

"Koplo, mimi ni afisa."

"Ndiyo maana nimekupa upande usio na lebo."

Walikunja. Mara ya kwanza Inspekta alijifunga mguu. Mara ya pili alikwenda kushoto wakati Koplo anakwenda kushoto, na mahabusu mmoja aliyekuwa anafagia uani akaomba arudishwe ndani asije akacheka akaongezewa kosa. Mara ya tatu likakaa.

"Sasa tazama katikati ya ukingo wa juu," alisema Koplo. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu. Sasa nitakunja peke yangu." Alilitandua, akashika ncha mbili, mikono ikafika mwisho na shuka bado linaburuta. Akaubana ukingo chini ya kidevu, akaachia mikono, akafuata pembe za chini. Alipomaliza, katikati ya ukingo kulikuwa na finyo dogo la umbo la mwezi mchanga. "Jana, kwenye lile la kielelezo, kabla hatujaligusa, finyo kama hili lilikuwapo. Na doa la mafuta ya mgando juu yake. Nimepiga picha."

Inspekta aliinama. Aligusa finyo kwa ncha ya kalamu.

"Kiwanda kizima wanakunja wawili wawili," alisema.

"Wote. Shuka la mita tatu halikunjwi na mtu mmoja, unaachishwa kazi kwa kuchelewesha. Isipokuwa kama mwenza wako hayupo na umekataa kupewa mwingine." Koplo alifungua kijitabu chake. "Nimemuuliza Mama Povu kwa simu. Yuko mmoja tu. Mwenza wake ni Kitinda. Na Kitinda ni mdogo wake."

"Kwa nini akunje, lakini? Ameingia kuiba, muda hana."

"Hakukusudia, afande. Kalivuta kabatini, likawa mkononi. Mikono yao ikishika shuka, haimuulizi mwenyewe."

Dada yake Kitinda alikuwa kwenye meza ya mwisho, karibu na ukuta wa saruji. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, kidevu kinang'aa mafuta. Alikuwa amebana shuka shingoni, mikono inafuata pembe. Walimpandisha juu. Alikaa kwenye kiti cha mto, akakigusa kitambaa chake pembeni kwa kidole kimoja.

"Jana saa sita na nusu ulikuwa wapi?" alianza Inspekta.

"Nakula."

"Wapi?"

"Kantini."

"Ulikula nini?"

Akakiondoa kidole kwenye kitambaa.

"Mhudumu wa kantini anasema hukufika," alisema Koplo. "Anasema hujafika miezi minne."

"Sisikii njaa mchana."

"Unaishi na mdogo wako?"

"Namuogesha. Namvalisha. Namlisha siku mikono ikimkaza."

"Basi unajua yuko katika hali gani tangu jana."

"Najua." Sauti ilishuka. "Hajala. Amegeukia ukutani."

"Na wewe," alisema Inspekta, akiliweka shuka lililokunjwa mapajani mwake, finyo juu, "ulikunja hili."

Alilitazama. Akaupapasa mwezi ule mdogo. Halafu akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha ndani yake.

"Nilikunja," alisema. "Jamani. Nilikunja kweli."

"Daftari liko wapi?"

"Ndani ya foronya, meza yangu, ya tatu kutoka chini. Nilitaka kulirudisha. Nimeshindwa."

Koplo alishuka kulifuata. Inspekta alifungua kijitabu chake. "Kwa nini?"

"Ukiniandika, andika kama ninavyosema. Usinipambe."

"Sema."

"Siku ile tulikuwa tunakunja. Nikatoka kuchukua chai, vikombe viwili, changu na chake. Niko mlangoni pa kantini nikasikia. Nikarudi mbio. Wanasema nilisimama pale nje na vikombe vyangu mpaka gari la wagonjwa likaondoka, na sikumwaga hata tone. Mpaka leo wanalisimulia. Wanaona ni ajabu nzuri." Alijifuta kidevu kwa kiganja. "Nikaenda kwa meneja, nikamwambia, na mimi niandike kwenye ile orodha. Akasema orodha ni ya waliokuwemo. 'Wewe ulikuwa nje, shukuru.' Nimeshukuru miezi minne, afande. Nimechoka kushukuru."

"Hilo ndilo lililokufanya uvunje kufuli?"

"Hapana. Nilimuonea wivu. Andika hivyo. Nilimuonea wivu mdogo wangu kwa kuungua. Yeye akilia kila mtu anajua kwa nini. Mimi nikilia wananiuliza, na wewe je? Nyumbani namfunga vifungo, namchana nywele, hanisemeshi. Kisha Jumatatu anakuja hapa kuongea na karatasi. Nilitaka kuona hiyo karatasi ina nini ambacho mimi sina. Nilijua akiikosa ataumia. Sikujua ataumia hivi."

Koplo alirudi na paka mwenye jicho shavuni. Hakulifungua. Alilikabidhi kwa Dada mwenyewe.

"Soma kilichokuzuia kulirudisha," alisema.

Dada hakuhitaji kutafuta. Daftari lilijifungua lenyewe kwenye ukurasa ule. Mwandiko ulikuwa mkubwa, umepinda, kila herufi imepiganiwa. Alisoma polepole.

"'Leo dada amenifunga vifungo. Mikono yake ni mizuri. Ikinigusa nataka kuing'ata. Siku ile chai ilikuwa zamu yangu kwenda kuchukua. Nikamwambia nasikia uvivu, nenda wewe. Yeye hakumbuki. Namuonea wivu mpaka naona haya kumtazama, kwa hiyo simtazami.'"

Feni ya chini ilisikika mpaka juu.

"Nilikuwa sikumbuki kweli," alisema Dada. "Nilidhani ilikuwa zamu yangu. Sasa ningemrudishia vipi? Angejua nimeona."

Mshauri, aliyekuwa amesimama kando ya dirisha muda wote, alichukua mkoba wake, akatoka. Baada ya saa nzima alirudi na msichana mfupi mwenye glavu za kitambaa, macho yamevimba, kanga ya kichwani imefungwa na mtu asiyejua kufunga.

Kitinda alimtazama dada yake. Kisha daftari. Kisha dada yake tena, na safari hii hakuondoa macho.

"Umesoma?"

Lilikuwa neno refu kuliko yote aliyoyasema kwa miezi minne, na Mshauri akashika kiti.

"Nimesoma."

"Na ule wa chai?"

"Huo nimeusoma zaidi ya mara ishirini."

"Mbona hukuniuliza tu?"

"Ungenijibu?"

Kitinda alifikiri. "Nisingekujibu."

"Basi."

"Usiseme basi," alisema Kitinda. "Hilo ni langu." Akakaa kwenye kiti cha pili, akaunyoosha mkono wenye glavu, akalichukua daftari. "Wewe ni mwizi, dada. Tena mwizi mjinga. Nani anaiba halafu anakunja?"

Dada alianza kulia, kwa sauti, kama mtu aliyepewa ruhusa. Hakuna aliyemuuliza na wewe je. Mshauri alivuta kiti cha tatu, akamuuliza mwenye mali kama ana malalamiko. Mwenye mali alisema anataka kufuli jipya, na dada yake alilipie, na dada yake aandikwe kwenye orodha, meneja apende asipende.

Jalada la kesi likafungwa. Inspekta alishuka ngazi akipiga chafya, akaingia garini, akajinyoosha.

"Kazi nzuri, Koplo. Katika ripoti nitaandika kwamba lile finyo tuliliona pamoja."

"Sawa, afande."

Gari liliwaka. Walikwenda mitaa miwili.

"Mama yako alipiga kituoni asubuhi," alisema Koplo. "Ulikuwa umetoka. Ana wasiwasi na wewe. Aliniuliza siku ile mtoni wewe ulizama mara ngapi, maana unaota maji meusi na humwelezi vizuri."

Inspekta alitazama dirishani kwa bidii kubwa.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia utamweleza mwenyewe. Lakini mimi ndiye nilikuwa kwenye redio siku ile, afande. Nilikuita mara sita."

Taa ziliwaka nyekundu. Kijana wa karanga alisogea dirishani, akaona uso wa Inspekta, akaenda gari lingine.

"Sikuota maji," alisema Inspekta hatimaye. "Nimemdanganya mama yangu miezi mitano. Nilikuwa naongeza kidogo kila wiki. Wiki ijayo nilikuwa nitie maiti." Alisugua goti. "Mdogo wangu halali, anaamka anapiga kelele, na mimi namuonea wivu. Yule mwanamke aliposema, nilitaka kuinuka nimpe kiti changu. Sikufika mtoni, Koplo. Nilikuwa kwa kinyozi."

"Najua."

"Unajua?"

"Siku ya pili ulikuja umenyolewa upande mmoja vizuri kuliko mwingine. Hukurudi kumalizia."

Taa zikageuka kijani. Koplo hakuondoa gari. Nyuma yao mtu alipiga honi.

"Na usiku," aliuliza, "unalala kweli?"

"Nalala."

"Afande."

Inspekta alitazama mikono yake.

"Naota nimekaa kwenye kile kiti," alisema. "Kinyozi amenifunga lile shuka shingoni. Redio inaniita kiunoni, naisikia, na mikono iko chini ya kitambaa, haitoki. Kinyozi ananiambia, tulia, mzee, nitakukata. Nami natulia. Ndivyo inavyokwisha. Natulia tu."

Honi zilikuwa tatu sasa.

"Hiyo mama hujamwambia."

"Hiyo ni ya kweli," alisema Inspekta. "Hiyo nitaianzaje?"